Ukurasa nimeufunga, mbona jedwali lililomo linaonekana?

Swali: Naratibu mradi wenye watu tisa. Ukurasa wetu wa kazi uko Confluence, mfumo wa kurasa za pamoja za timu, na nimeuwekea kizuizi ili tuufungue sisi tisa tu. Ndani yake nimepachika bajeti iliyo Google Sheets, na mojawapo ya karatasi za bajeti hiyo ina posho za kila mtu. Wenzangu wawili walipofungua ukurasa waliambiwa waombe ruhusa, basi nikabadilisha jedwali lifunguke kwa yeyote mwenye linki. Haukupita muda, mtu wa idara nyingine akanitajia posho yangu hadi senti. Nimelifunga jedwali tena, lakini jana nimekuta namba zilezile kwenye slaidi za mkuu wetu. Mtaalamu, hizi ruhusa zinafanyaje kazi? Si ukurasa ulikuwa umefungwa?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa yaliyokukuta. Ukurasa ulifungwa kweli na umebaki umefungwa. Confluence ilifanya kazi yake. Ila jedwali lako halikuwahi kuwa ndani ya ukurasa huo. Lilikuwa Google Drive, hifadhi ya mafaili ya Google, muda wote na lingali huko. Ulichopachika ni dirisha tu. Ukuta wenye dirisha ni wa Confluence, lakini chumba unachokiona kwa dirishani ni cha Google, nacho kina mlango wake upande wa pili. Ulipochagua "yeyote mwenye linki", mlango huo ndio ulioufungua.

Kuanzia leo, kila unapoona hati ya mfumo mmoja ndani ya mfumo mwingine, jiulize: hiki ninachokiona kimeletwa hapa kwa jina la nani? Huenda kimeletwa kwa jina lako wewe unayetazama. Huenda ni kwa jina la aliyekipachika. Huenda hakikuhitaji jina la mtu yeyote. Au hakikuletwa kabisa, ni nakala iliyokwisha kuhamia hapo na haina habari tena na ilikotoka. Haijalishi mfumo wa kurasa au mazungumzo ya kazi unaotumia ni Notion, Teams, Slack au Confluence. Majina ya vitufe yanabadilika, swali halibadiliki. Wewe umekutana na hali tatu kati ya hizo nne kwa mpigo, kwa hiyo tuzichukue jinsi zilivyokupata.

Wale wawili walioambiwa waombe ruhusa

Mwenzako anapofungua ukurasa, kivinjari chake kinachukua maandishi Confluence kwa akaunti yake ya Confluence. Kikifika mahali ulipopachika jedwali, kinakwenda chenyewe Google kuliomba, safari hii kwa akaunti yake ya Google. Confluence haimsindikizi wala haimtambulishi. Google inaangalia orodha yake yenyewe ya watu walioruhusiwa kwenye faili hilo, na ile orodha yako ya watu tisa haiijui. Hapa jina linalotumika ni la mtazamaji, na kwa hati zenye siri huo ndio mpango ulio salama kuliko yote. Unasumbua, nakubali. Lakini kule kumkatalia mtu ndiko kunakokuonyesha kwamba ulinzi upo.

Kwa nini wengine waone na wawili wasione? Pengine wale wengine uliwahi kuwashirikisha faili, au folda linamokaa, kwa kuwa folda huwarithisha wenye ruhusa nayo kila kilichomo. Wawili waliobaki hawakuwemo. Hilo ndilo la kwanza kuangalia.

Lakini kuna sababu nyingine ambazo hazihusiani na orodha, na ndizo huwafanya watu wafungue mafaili ovyo kwa hasira. Iliyo ya kawaida zaidi ni akaunti mbili. Mtu ana akaunti ya kazini na ya binafsi, zote ziko wazi kwenye kivinjari kimoja, na ile aliyoingia nayo mwanzo ni ya binafsi. Dirisha lililopachikwa mara nyingi hubisha hodi kwa akaunti hiyo ya mwanzo, ambayo haina ruhusa. Mwenye nayo anaapa kwamba yumo kwenye orodha, na ni kweli yumo, ila si kwa anwani hiyo. Mwambie afungue linki ya jedwali moja kwa moja kwenye kichupo kipya badala ya kuliangalia kupitia ukurasa. Google inapomkatalia mtu humwonyesha pia ameingia kwa barua pepe ipi. Aisome hiyo anwani herufi kwa herufi kabla hajakulaumu.

Sababu nyingine ni vidakuzi (cookies), yaani alama ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari ili ikutambue ukirudi. Ili Google imtambue mtu akiwa amesimama ndani ya ukurasa wa Confluence, inabidi kivinjari kikubali kutuma vidakuzi vya Google kutoka tovuti isiyo ya Google. Safari imevizuia kabisa vidakuzi vya namna hiyo tangu Machi 2020, na Firefox tangu 2022 huviwekea kila tovuti chungu chake peke yake, visichanganyike na vya tovuti nyingine. Chrome kwa kawaida huviruhusu, lakini katika dirisha fiche (incognito) huvizuia pasipo kuulizwa. Ndiyo maana hati inayofunguka vizuri ukiiendea moja kwa moja inaweza kukataa ikiwa imepachikwa, na ruhusa zikawa hazina kosa lolote. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi hutumia dirisha fiche kupima kama hati imefungwa. Wanaona pale ilipopachikwa hapafunguki, wanatulia, kumbe kilichozuiwa ni kidakuzi tu na linki yenyewe iko wazi. Ukitaka kupima, bandika linki ya hati yenyewe kwenye dirisha fiche. Ukurasa uliobeba hati hautakupa jibu la kuaminika.

(Kama badala ya ombi la ruhusa unaona kisanduku cheupe au ujumbe kwamba tovuti imekataa kuunganishwa, hilo si suala la ruhusa kabisa. Seva ya upande wa pili imetamka kwamba haitaki kuonyeshwa ndani ya tovuti za watu wengine. Weka linki ya kawaida, uendelee na kazi.)

Mtu wa idara nyingine

Ulipochagua "yeyote mwenye linki" ulihama kutoka hali ya kwanza kwenda ya tatu: hati haihitaji tena jina la mtu. Google haiulizi "wewe ni nani?" bali "unayo linki?" Linki ni ndefu na haikisiki, na hapo ndipo tunapojidanganya kwamba ni siri. Tatizo la linki ni kutembea. Imo kwenye barua pepe ya taarifa ambayo Confluence iliwatumia wenzako ulipohariri ukurasa. Imo kwenye mwaliko wa kikao kwenye kalenda. Mtu ameichapa kwenye chaneli ya Slack yenye watu wengi kuliko tisa. Mwingine amehamisha ukurasa mzima kuwa PDF, na ndani ya PDF linki bado inabofyeka. Kizuizi cha ukurasa hakiwezi kuifuata linki iliyokwisha kutoka.

Siku nyingine ukiwa ndani ya jedwali, tupia jicho kona ya juu kulia. Mtu aliyeingia kupitia linki ya wazi bila kualikwa kwa jina huonyeshwa kama mnyama asiye na jina: kapibara, kinyonga na wenzao. Watu hucheka wakiwaona. Kwenye jedwali la posho hapachekeshi, maana kila mnyama ni msomaji usiyemjua.

Sasa lipo jambo ambalo hukuuliza, na kwangu ndilo kosa lililozaa mengine: posho zilikaa faili moja na bajeti. Google Sheets hutoa ruhusa ya kutazama kwa faili zima, si kwa karatasi mojamoja. Unaweza kuificha karatasi ya posho, lakini kuficha ni usafi wa meza tu. Mwenye ruhusa ya kuhariri anaifichua kwa kubofya mara mbili tatu, na mwenye kutazama tu anaweza kujitengenezea nakala ya faili kisha akaifichua huko kwenye nakala yake, isipokuwa uwe umezuia watazamaji kunakili na kupakua. Kile kipengele cha kulinda karatasi au safu nacho kinazuia kuandika, hakizuii kusoma. Taarifa zenye wasomaji tofauti zikae mafaili tofauti. Sheria hii ukiifuata, nusu ya haya niliyoandika hutayahitaji.

Slack nayo ina jambo lake. Ukibandika linki ya hati kwenye mazungumzo, programu nyingi huchomoa kichwa cha hati, kipande cha maandishi au kijipicha, zikavionyesha chini ya ujumbe wako. Hapo tumehamia hali ya pili: kipande kile hupatikana kwa ruhusa yako wewe uliyebandika, au ya programu uliyoiunganisha na akaunti yako, kisha kikaonwa na chaneli nzima. Asiyeweza kufungua hati anaweza kuwa ameshasoma kichwa "Posho za timu" pamoja na safu za mwanzo. Tena kipande hicho kilichukuliwa siku ile; ukiifunga hati leo, usitegemee kwamba kitatoweka kwenye ujumbe wa zamani. Rudi kwenye ujumbe wenyewe ukiondoe, au ufute ujumbe. Na ukiona dirisha linalokuuliza kama uwape wanachaneli wote ruhusa ya hati unayoituma, soma kwanza chaneli ina nani na nani. Dirisha hilo limeundwa ili kazi isikwame, kwa hiyo kitufe kilicho rahisi kubofya huwa ni cha kufungua.

Slaidi za mkuu

Hii ni hali ya nne, nakala, nayo ndiyo inayowashangaza hata wazoefu. Mtu anaponakili jedwali au chati kutoka Google Sheets na kuibandika kwenye Google Slides au Docs, anaulizwa kama aiunganishe na chanzo. Akikubali, anadhani ameweka kitu hai chenye ruhusa za chanzo. Sivyo. Kinachoonekana kwenye slaidi ni picha ya namba zilivyokuwa mara ya mwisho mtu alipobofya kusasisha, na kila anayeweza kufungua slaidi ataiona hata kama jedwali lenyewe hajawahi kuruhusiwa. Muungano uliopo ni wa kusasisha tu, hauna uhusiano na kuruhusu au kukataza. Ndiyo maana umelifunga jedwali na slaidi haikutikisika.

Kukata muungano hakusaidii, picha inabaki palepale. Lazima ifutwe kwenye slaidi. Hata ikifutwa, historia ya matoleo bado inayo, na kila mwenye ruhusa ya kuhariri slaidi anaweza kurudi nyuma akaitazama. Watazamaji wa kawaida hawaioni historia hiyo. Kama wahariri ni wengi, njia safi ni kufuta jedwali, kutengeneza nakala mpya ya slaidi ambayo haibebi historia ya zamani, kugawa hiyo, na kuiondoa ile ya awali.

Upande wa Microsoft Office kuna jambo zito zaidi. Ukinakili chati au safu kutoka Excel na kuipachika kwenye PowerPoint au Word pamoja na kitabu chake cha kazi (workbook, yaani faili lenyewe la Excel), kinachoingia ni kitabu kizima: karatasi zote, pamoja na zilizofichwa. Kwenye slaidi unaona chati moja nzuri. Anayeibofya mara mbili anaweza kufika mpaka karatasi ya mishahara. Usidhani mambo ya namna hii huwapata wazembe tu. Agosti 2023 polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la mwananchi la kupatiwa takwimu kwa kutoa faili la Excel. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyofichwa yenye taarifa za askari na watumishi wao wote, watu 9,483, na faili likakaa hadharani kwenye intaneti kwa saa kadhaa. Mwaka uliofuata mamlaka ya Uingereza ya ulinzi wa taarifa iliwatoza faini ya pauni 750,000. Ukitaka kuweka chati kwenye slaidi, ibandike kama picha. Haitapendeza sana mtu akitaka kubadilisha rangi, lakini haitabeba kitu usichokiona.

Mafundo mengine ya kuchunga

Majedwali ya mradi mara nyingi huvuta namba kutoka jedwali jingine kwa fomula ya IMPORTRANGE. Mara ya kwanza Google inakuomba uruhusu majedwali mawili yaunganike. Wengi hubofya wakidhani wameruhusu zile seli kumi walizoziandika kwenye fomula. Ukweli ni kwamba umeruhusu jedwali pokezi lisome jedwali chanzo lote. Tangu hapo mhariri yeyote wa jedwali pokezi anaweza kuandika fomula nyingine na kuvuta karatasi yoyote ya chanzo, hata ile ya posho, bila kuwemo kwenye orodha ya chanzo. Ruhusa hiyo inadumu mpaka aliyeitoa aondolewe kwenye jedwali chanzo. Hiyo ni hali ya pili waziwazi: wengine wanasoma kwa jina la mmoja. Kama kuna jedwali la taarifa linalovuta kutoka bajeti yenu, tazama wahariri wake ni akina nani.

Zana za ripoti zina habari hiyohiyo, ila angalau huitamka. Looker Studio humtaka mtengenezaji achague kama data isomwe kwa hati za utambulisho za mwenye ripoti au za mtazamaji. Chaguo la kwanza ndilo linalofanya ripoti ifunguke kwa kila mtu bila usumbufu, na sababu ya kufunguka huko ni kwamba kila mtu anasoma kwa jina lako. Power BI ina njia mbili zinazofanana kwa sura lakini matokeo yake hayakaribiani. Ukipachika ripoti kwenye ukurasa wa SharePoint, mfumo wa Microsoft wa tovuti za ndani za taasisi, mtazamaji bado anahitaji ruhusa yake mwenyewe kwenye ripoti. Kuiweka ukurasani hakumpi. Lakini ukitumia njia ya kuchapisha kwenye wavuti, ripoti inakuwa ya dunia nzima.

Google Docs na Sheets nazo zina kitufe cha kuchapisha kwenye wavuti, na kiko mbali kabisa na kitufe cha kushirikisha. Hati inaweza kuwa imefungwa kwa watu watatu kwenye dirisha la kushirikisha na papo hapo ikawa imechapishwa kwa kila mtu, kwa anwani nyingine, ikijisasisha kila mnapohariri. Hilo dirisha la kushirikisha haliwezi kuizima. Lazima uende kwenye menyu ya faili, uingie sehemu ya kuchapisha, uamuru isimame. Mtu aliyewahi kutafuta njia rahisi ya kupachika jedwali kwenye ukurasa wowote huenda alipita hapo, kwa hiyo kakague.

Kuhusu boti na programu zinazounganishwa na Drive yako: unapobofya kukubali, programu inapewa tokeni, yaani kibali cha kutenda kwa jina lako bila kujua nenosiri lako. Huo ndio utaratibu wa OAuth, na toleo lake la 2.0 limekuwa kiwango rasmi tangu 2012. Soma kibali kinasema nini. Kuna programu inayoomba mafaili utakayoyafungua kwa kuitumia yenyewe tu, na kuna inayoomba kusoma Drive yako yote. Ya pili ikiwa imeunganishwa na mfumo wa mazungumzo au wa kutafuta mafaili, umeipa uwezo ulio nao wewe juu ya kila hati, zikiwemo ambazo wenzako walikuamini nazo. Kibali hakiishi siku unapoacha kuitumia. Kifute mwenyewe kwenye mipangilio ya akaunti.

Mkihamia Teams siku moja, jueni kwamba Teams haihifadhi mafaili. Faili mnaloliweka kwenye chaneli ya kawaida linakaa kwenye tovuti ya SharePoint ya timu, na wanatimu wote wanalifikia. Chaneli ya faragha ina tovuti yake ya pembeni. Lakini faili unalolituma kwenye mazungumzo ya watu wawili watatu linakaa kwenye OneDrive, yaani hifadhi binafsi ya Microsoft, yako wewe mtumaji. Ukihama kazi na akaunti ikafutwa, OneDrive hiyo kwa mpangilio wa kawaida hutunzwa siku 30 tu kabla haijafutwa, na hati zilizokuwa zinaonekana kwenye kurasa tano za idara zinakuwa masanduku matupu. Google hali ni karibu hiyohiyo kwa mafaili yaliyo kwenye Drive binafsi ya mtumishi: akaunti ikishafutwa, msimamizi ana siku 20 za kuirudisha. Dawa ni kuweka hati za mradi kwenye hifadhi ya pamoja, ambako mwenye mali ni taasisi badala ya mtu.

SharePoint pia ina linki za namna nne: ya yeyote, ya walio ndani ya taasisi, ya watu mahususi, na ile isiyompa mtu ruhusa mpya, inayowafungukia wenye ruhusa tayari. Hii ya nne inapuuzwa mno, na ndiyo ninayopendekeza kwa kupachika, kwa sababu haifungui kitu kipya hata ikisambaa. Ile ya taasisi nzima huonekana ya kistaarabu, ila taasisi ni pamoja na wafanyakazi wa muda na idara ambazo huna shughuli nazo. Kwa kuwa zana za akili bandia kama Copilot hujibu kwa kutumia kila kitu ambacho muulizaji ana ruhusa nacho, uzembe uliokuwa umelala miaka mitatu kwenye folda sasa unaweza kujitokeza kama sentensi ndani ya jibu. Zana haikuvunja ruhusa yoyote. Ruhusa zilikuwa wazi, ila hakuna aliyekuwa na subira ya kupekua.

Ufanye nini sasa

Kwanza kabisa hamisha posho kwenye faili jipya, lenye majina ya wanaolihitaji tu. Usiishie kukata karatasi na kuibandika kwingine ukaliacha jedwali la zamani likiishi, kwa kuwa historia yake ingali na posho. Afadhali jedwali la bajeti litengenezwe nakala safi isiyo na posho, hiyo ndiyo ipachikwe kwenye ukurasa, na la zamani lifungwe kwa ajili ya kumbukumbu. Faida ya pembeni: faili jipya lina linki mpya, na linki zote za zamani zilizozagaa zinaishia kwenye mlango uliofungwa.

Kisha acha kushirikisha mtu mmojammoja. Unda kikundi cha barua pepe cha mradi, ukipe kikundi hicho ruhusa ya kutazama jedwali, na ukurasa wa Confluence nao uuwekee kizuizi ili ufungukie kikundi cha watu walewale tu. Angalia hapa: kikundi cha Confluence na kikundi cha Google ni vitu viwili hata vikiitwa jina moja, isipokuwa idara ya mifumo iwe imeviunganisha na orodha moja ya watumishi. Waulize. Kama havijaunganishwa, mtu mmoja apewe jukumu la kuongeza na kuondoa majina pande zote mbili siku hiyohiyo, la sivyo baada ya miezi michache utajikuta na wale wawili wengine wanaoomba ruhusa, na kishawishi kilekile cha kufungua kwa yeyote mwenye linki.

Msimamizi wa mfumo wa taasisi yako anaweza kutazama kumbukumbu za Drive na kuona faili lilifunguliwa lini na na nani. Muombe hiyo taarifa, lakini usiweke matumaini makubwa: aliyeingia kwa linki ya wazi bila kuingia kwenye akaunti ataandikwa kama asiyejulikana. Walau utajua ni mara ngapi.

Slaidi huwezi kuzisafisha wewe, kwa sababu si zako na ruhusa yako huko huenda ni ya kutazama tu. Mwendee mkuu wako kabla hajazituma tena. Mwambie ni slaidi ya ngapi, ni safu ipi, na kwamba kukata muungano peke yake hakutoshi. Afute, atengeneze nakala, agawe ile mpya. Akisema "lakini jedwali si umeshalifunga?", mfungulie slaidi hizo mbele yake kwa akaunti ya mtu asiye na ruhusa ya jedwali, azione namba kwa macho yake.